Kisa cha historia fupi ya babu: Mbarara, Kampala na kiatu kimoja

Jumanne usiku, Pasua, sebuleni kwa baba mdogo. Watu wamekaa mpaka kwenye mikono ya makochi. Kamati ya mazishi imeshamaliza sanduku, imemaliza turubai na viti, imemaliza gari la kutoa mwili mochwari kupandisha Old Moshi, imebishana lisaa lizima pilau au machalari, alafu mwenyekiti anafunua ukurasa anasema, "Historia fupi ya marehemu." Kimya. Kila mtu ghafla ana meseji ya kujibu. Shangazi akanyoosha kidole bila hata kuniangalia: "Si huyu hapa ndo amesoma, ataandika." Ikapita. Pilau lisaa, babu dakika mbili.

Naandika kisa chote kilivyoenda kwa sababu hii kazi kila ukoo kuna mtu anatupiwa, na mi nilijua ni ya jioni moja, nakaa na laptopu, nauliza maswali matatu, nalala. Ilinichukua siku tatu, nikagombana na baba yangu mdogo, nikaja kugundua nusu ya nilichokuwa najua kuhusu babu kilitoka kwa mtu ambaye hata Uganda hajawahi kukanyaga.

Kwa ufupi: marehemu ni babu yangu mzaa baba, amefariki Agosti 2024. Kabla ya kustaafu alikuwa mwanajeshi wa JWTZ, alipigana vita ya Kagera, alafu miaka 42 akawa fundi viatu Mbuyuni, Moshi mjini, kibanda kimoja kilichohama mara tatu bila kutoka mtaa uleule. Wengine walimwita afande, wengine fundi, bibi alimwita baba fulani kama wanawake wa rika lake wote, na watoto wa shule walimwita babu viatu. Kazi ilikuwa kuandika ukurasa mmoja wa kusomwa mbele ya watu kwa dakika tano.

Fomula yake mnaijua, ukiamshwa usiku unaikariri. Marehemu alizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani akiwa mtoto wa ngapi kati ya wangapi, alibatizwa, alisoma, aliajiriwa, alifunga ndoa, alianza kusumbuliwa na maradhi, ameacha mjane, watoto kadhaa, wajukuu kadhaa na vitukuu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Unajaza nafasi tu. Shida nilikwama nafasi ya kwanza kabisa.

Bibi alinipa mkebe wa biskuti, ule mkubwa wa bati wa zamani. Ndani: cheti cha ubatizo kimekunjwa mara nne mpaka mikunjo imetoboka, karatasi za jeshi, kitambulisho cha NIDA, kile kitambulisho cha machinga cha elfu 20 cha enzi za Magufuli (alikitunza vizuri kuliko cha NIDA, kamba yake bado ipo), nishani imefungwa kwenye tambara lenye kiwi, na ufunguo wa kufuli ambalo hakuna anayelijua. Cheti cha ubatizo kinasema alizaliwa 1941. Jeshi linasema 1945. NIDA inasema 1943, tarehe 1 Januari, ile tarehe ya wazee wote wasiojua tarehe yao.

Wanafamilia wakasema weka 1943 maana ndo katikati. Yani tumgawanye mzee kama nauli.

Mi nikasema tutafute. Cheti na karatasi haviwezi kujibishana vyenyewe, ila babu alikuwa anaongea, na mtu anayeongea anaacha miaka bila kujua. Kwanza kuna stori ya buti. Alikuwa anasimulia baba yake mkubwa alivyorudi kutoka Burma, alikuwa keya, wale askari wa KAR waliopelekwa na Waingereza kupigana na Wajapani, kapanda mlima na koti zito na buti, babu akiwa mdogo akaingiza miguu yote miwili kwenye buti moja akaanguka nalo. Vita ile iliisha 1945, askari wakawa wanarudishwa makwao baada ya hapo. Mtoto wa 1945 hana namna ya kukumbuka buti la 1946. Mtoto wa 1941 anaweza, miaka mitano, ndo umri wa kuingia kwenye buti la mtu. Pili, usiku wa uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Luteni Alexander Nyirenda yuko juu Kibo anasimika bendera na mwenge, huku chini Old Moshi babu na wenzie wamekaa nje wanakodolea mlima wakitegemea wataona moto. Hawakuona kitu. Ila kwenye stori hiyo kila mara kulikuwa na kata ya mbege inazunguka na yeye yumo kwenye mzunguko, na wazee wa enzi zile hawakumpa kijana wa miaka 16 kata akae nao duara moja, angechota akanywee kwa wanawake jikoni.

Kwa hiyo 1941. Na 1945 imetoka wapi? Aliingia JKT alafu jeshini 1965. Jeshi la mwanzo, Tanganyika Rifles, lilivunjwa baada ya maasi ya Januari 1964, JWTZ ikaanza Septemba 1 mwaka huohuo, na walikuwa wanataka vijana. Babu ana miaka 24, anajiona mzee, akajipunguza minne. Bibi alipoulizwa alicheka tu, akasema, "Alinipunguzia na mimi." Hiyo sikuiandika.

Ushauri hapa kwa yeyote atakayekutana na haya: mwaka wa kwenye historia na mwaka wa kwenye makaratasi ya ofisi ni vitu viwili. Cheti cha kifo tulifuata NIDA, mambo ya pensheni ya mjane yanafuata karatasi za jeshi, usiende kujitia mjuaji dirishani ukasema alizaliwa 1941, utaanza kupandishwa na kushushwa ngazi mpaka utaomba na wewe ufe. Kanisani sema ukweli, dirishani sema kilichoandikwa.

Hilo lilikuwa jepesi. Gumu ni Kampala.

Kwenye familia yetu inajulikana kwamba babu aliingia Kampala. Nimekua naisikia, shuleni nimeisema, siku ya Mashujaa 25 Julai nimewahi kusimama mbele ya darasa nikasema babu yangu alimtoa Amin Kampala, nikapigiwa makofi. Baba mdogo kwenye kikao alisisitiza hilo lisikosekane. Nikaanza kuandika, nikafungua na historia ya vita nipate tarehe. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwisho wa Oktoba 1978, Nyerere akahutubia tarehe 2 Novemba, ile hotuba ya uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Daraja la Kyaka likavunjwa. Januari 1979 JWTZ wakavuka mpaka wakachukua Mutukula. Mwisho wa Februari wakachukua Masaka na Mbarara, Machi kukawa na pigano kubwa la Lukaya ambapo Walibya walikuwa upande wa Amin, Entebbe tarehe 7 Aprili, Kampala tarehe 11 Aprili.

Masaka na Mbarara. Nikarudia kuisoma hiyo sehemu. Jeshi lilienda kwa njia zaidi ya moja, Masaka ndo njia ya kwenda Entebbe na Kampala, Mbarara iko magharibi huko, walikoenda wale waliokuwa chini ya Brigedia Silas Mayunga, yule aliyekuja kuitwa Mti Mkavu. Sasa nikakaa nikajiuliza, babu alikuwa anataja nini hasa? Sio sisi tulikuwa tunasema nini, yeye alikuwa anataja nini kwa mdomo wake.

Alikuwa anataja Mbarara. Alikuwa anataja wale ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama matawi, na kama fundi hakuishia kwenye pembe, alikuwa anaongelea ngozi, kwamba alitamani kukata kipande arudi nacho. Na alikuwa na stori moja aliyoipenda kuliko zote, kwamba wametembea siku sijui ngapi, ukungu umetanda, asubuhi ukungu ukafunguka akaona mlima una theluji juu, akamwambia mwenzie "nimefika nyumbani," mwenzie akamwambia we mchaga umechanganyikiwa. Ni Ruwenzori. Alikuwa maeneo ya Fort Portal. Kwa mji wa Kampala hakuwahi kutaja hata kilima kimoja, na Kampala ni vilima vitupu. Hakuwahi kutaja ziwa. Na siku Kampala imeanguka, nakumbuka hii vizuri sana kwa sababu alikuwa anaigiza, alisikia kwenye redio ya mkononi imefungwa mpira wa baiskeli kushikilia betri. Mtu aliyeko Kampala haambiwi na redio kwamba Kampala imeanguka.

Nikapeleka kwa baba mdogo nimejiamini kabisa, nimechora na ramani. Bana. Alinisikiliza mpaka mwisho alafu akasema, "Kwa hiyo unataka kuniambia mimi baba yangu alikuwa muongo." Nikasema hapana, babu hakuwahi kusema Kampala, sisi ndo tulisema. Akasema, "Sasa mi nilitoa wapi?" Na lile ni swali zuri, sema mi usiku ule nilikuwa nimeshapanda nikaona anabisha tu. Nikamwambia Mbarara ina ubaya gani. Akasema hakuna ubaya, lakini hakuna anayeijua. Tukaachana hivo, yeye amenuna, mi najiona nimeshinda.

Kesho yake nilikuwa jikoni na bibi anamenya ndizi, nikamuuliza tu bila mpango, bibi hivi Kampala ilianzaje. Akajibu bila kuinua kisu: "Kampala nilisema mimi." Baba mdogo amezaliwa Machi 1979, babu yuko vitani. Hao wakubwa walikuwa wanauliza baba yuko wapi, na baadae huyu mdogo naye alipoanza kuongea akawa anauliza alikuwa wapi mi nilipozaliwa. Barua ilikuwa haisemi alipo. Yeye bibi mji wa Uganda alioujua ni mmoja, uliokuwa unatajwa redioni, basi akasema baba yenu kaenda Kampala. Na hapohapo, mwishoni mwa Machi 1979, hapa Moshi mjini kukawa na ule mkutano wa Waganda waliokuwa uhamishoni, siku tatu, ndo ikaundwa UNLF, umoja wa vikundi vyao vya kumpinga Amin, na Yusuf Lule akawekwa mwenyekiti, mji umejaa Waganda wanapanga nani ataongoza Kampala, kwa hiyo neno Kampala lilikuwa sokoni, lilikuwa kwenye foleni ya sukari, lilikuwa kila mahali. Babu yuko kwao, wao wako kwake. Bibi anasema alipishana nao mjini amebeba mtoto mgongoni akawa anajiuliza kama na wao wana wake wanadanganya watoto.

Ningeanza kwa bibi, nisingegombana na mtu. Hili ndo kosa langu kubwa kwenye kisa chote na naliweka wazi. Nilitafuta ukweli wa jeshi, tarehe na ramani, nikausahau wa nyumbani, kwamba baba mdogo hakuwa anatetea Kampala, alikuwa anatetea jibu la kwanza aliloambiwa kuhusu baba yake.

Sasa nije kwenye sehemu ambayo karibu niiharibu kabisa.

Rasimu yangu ya kwanza ilikuwa na ukurasa na nusu. Vita ilikula ukurasa. Na ufundi? Sentensi moja, naikumbuka neno kwa neno: "Baada ya kustaafu jeshi mwaka 1982 marehemu alijishughulisha na shughuli ndogondogo za kujipatia kipato." Nikamsomea bibi. Akaniuliza, "Ndogondogo ngapi?" Sikuelewa. Akasema nenda kibandani kahesabu.

Nikashuka Mbuyuni na funguo. Kibanda chake ni mbao na bati, upana ukinyoosha mikono unagusa pande zote, ndani kunanuka gundi na ngozi na kitu kingine ambacho nadhani ni yeye mwenyewe. Kwenye rafu ya juu, kaunta buku 31. Alikuwa anaandika kila kiatu. Kila kimoja. Jeshini walimfundisha kuandika kila kinachoingia na kutoka, na hakuacha. Ila majina hakuandika, aliandika watu: "mwl mrefu, nyeusi, kisigino kush., 700." "Mama maziwa, raba, pembeni zote." "Dereva Rombo, buti, soli ya tairi, bado 500." "Bibi harusi, HARAKA." Kilicholipwa kina mstari. Nilichukua Januari moja tu, ya 1996, nikahesabu pea 214, karibu zote viatu vyeusi vya shule. Mwezi mmoja. Vita yake ilikuwa miezi saba.

Na hiyo biashara ina historia yake ambayo ukiifuata unaiona nchi nzima imepita kwenye kimeza kile. Alianza 1982 chini ya mti, kipindi madukani hakuna kitu, kiatu ukikipata unakivaa mpaka kidole kikusalimie alafu unapeleka kwa fundi, na fundi naye hana soli, anakata tairi. Alikuwa anatania kwamba kazi yake ya kwanza ya kulipwa haikuwa kiatu, ilikuwa mkanda. Nyerere baada ya vita alisema tufunge mkanda miezi 18, basi watu wakakonda, mkanda tundu zikaisha, wakawa wanakuja wanasema fundi niongezee tundu. "Yeye alisema, mi ndo nilitoboa." Na miezi 18 mnajua wenyewe iliishia wapi.

Alafu akaja Mzee Ruksa, Rais Mwinyi, mitumba ikaruhusiwa, watu wakadhani mafundi wamekwisha. Kinyume chake, kiatu cha mtumba ni kizuri, ngozi kweli, kimeshonwa, kimeisha kisigino tu, kinataka mkono wa fundi kipate miaka mingine kumi. Babu alisema hiyo ndo miaka aliyojenga nyumba. Kilichokuja kumsumbua ni viatu vya karibuni, vile vya bei chee, ngozi sio ngozi, soli imebandikwa haijashonwa, na ile soli laini nyepesi ukiiweka kabatini miaka kadhaa bila kuvaa inamung'unyika yenyewe kama mkate uliokauka. Watu wanamletea wanasema nimevaa mara mbili tu fundi. Anawaambia ndo maana, ungevaa. Hawamuelewi, lakini ni kweli, zile soli unyevu wa hewa unazila taratibu hata kiatu kikiwa kimetulia kwenye boksi. Hakuna pa kupitisha sindano, unashona vumbi.

Nilikuwa nakaa naye likizo nikiwa darasa la tano, la sita. Naweza kuwaonyesha anavyoshona mpaka leo. Uzi anaupitisha kwanza kwenye mshumaa, mara tatu nne, mpaka ulie. Sindano ni ile yenye mpini wa mbao na kandoano kadogo kichwani. Kiatu anakibana katikati ya magoti, mkono wa kushoto umeingia ndani ya kiatu umeshika uzi, hauoni, unakwenda kwa kuhisi tu. Anadunga kutoka nje, kule ndani kidole kinauvisha uzi kwenye ndoano, anavuta kitanzi kinatoka nje, anapitisha ncha nyingine kwenye kitanzi, anakaza, unasikia kaukelele kadogo, krik, anahamia tundu linalofuata. Akiwa anaongea na mteja mkono hausimami. Kidole chake cha shahada cha kushoto kilikuwa na sugu ngumu kama kwato. Na gundi anapaka pande zote mbili alafu anaacha, anaongea mambo mengine kabisa, mteja anahangaika "fundi bandika basi," anasema subiri, mpaka ukigusa haishiki kidole, ndo anabandika na nyundo. Alikuwa anasema kijana anayeshindwa kusubiri gundi asiende jeshini wala asioe.

Kwa nini viatu? Kwa sababu ya kule kule. JWTZ waliingia Uganda sehemu kubwa kwa miguu, ni mamia ya kilomita. Babu alikuwa koplo, koplo aliyeingia nao na koplo aliyetoka nao, na alichokuwa anasema kuhusu vita, ukimbana sana, ni kwamba risasi alizisikia ila kilichomuumiza ni soli. Buti lake lilifunguka mdomo kabla ya Mbarara. Kwenye kombania kulikuwa na mtu mmoja anajua kushona, babu akawa anamsaidia usiku, wakawa wanashona buti za wenzao kwa waya wa simu uliochunwa. Huko ndo alijifunza. Kwa hiyo hata hii ya kutenganisha mwanajeshi na fundi ni sisi tumeileta, kwake ilikuwa kazi moja aliyoanza kuifanya bure akaja kuifanya kwa hela.

Nikarudi nikafuta ile sentensi. Rasimu ya pili vita ikawa aya moja, na nikaandika Mbarara. Ufundi ukawa aya tatu. Nikaweka ile ya mkanda, nikaweka "Januari moja pea 214". Nikampa baba mdogo maana yeye ndo atakayesoma, ni haki ya mtoto wa kiume aliyebaki. Akasoma kimya, akasema sawa. Nikamwambia na ya bibi, kwamba Kampala ilitoka kwake. Hakujibu. Aliangalia pembeni kule ukutani kwenye picha ya babu, akasema tena sawa.

Jumamosi, Old Moshi. Magari yamepanda toka Kiboriloni taratibu, mvua nyepesi ile ya mlimani isiyolowesha ila inayokera, kaburi liko kihambani kati ya migomba, masale yamesimama mpakani. Kijana aliyeprinti ratiba alikuwa ameshaweka 1943 kutoka NIDA kabla sijampigia simu, kwenye msalaba fundi rangi kaandika 1941. Watu wakawa wanalinganisha. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Huyu kapewa miaka miwili ya bonasi." Ikawa kicheko kidogo, na nafikiri babu angecheka.

Emsii anatoa dakika tano. Baba mdogo akavaa miwani akaanza kusoma, vizuri kabisa, anasoma nilichoandika. Akafika kwenye vita. "...akiwa na kikosi chake walisonga mbele hadi Mbarara..." Akanyamaza. Akainua macho juu ya miwani, hakuniangalia mimi, aliangalia viti vya mbele alipokaa bibi. "...na Kampala." Akaendelea.

Mafundi wenzie wa Mbuyuni walikuwa wamekaa nyuma yangu, mmoja akaniinamia: "Alikuwaga anasema Mbarara, siyo?" Nikasema ndio. "Sasa Kampala?" Nikamwambia Kampala ni ya familia. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Nimejiuliza sana kama ningesimama kusahihisha. Sidhani. Kwenye karatasi iliyosambazwa, ambayo watu wamekwenda nayo nyumbani, imeandikwa Mbarara, na hiyo ndo itakayobaki kwenye makabati. Sauti ilimhusu yeye na mama yake. Ila kuna mtu mmoja kwenye ukoo mpaka leo ananiambia nimeruhusu uongo kusemwa juu ya jeneza, na sina jibu zuri la kumpa.

Alafu likaja lile tangazo la kawaida, msemaji wa familia anasimama: kama kuna mtu anamdai marehemu au anadaiwa na marehemu aonane na familia. Hii inasemwaga tu, huwa hakuna anayejitokeza hapohapo. Siku hiyo mama mmoja nyuma kabisa akanyoosha mkono. Kimya. Kila mtu anawaza mkopo. Akasema kwa aibu, "Mi namdai kiatu. Kimoja. Cha mtoto, cha kulia."

Watu walicheka mpaka mchungaji akafunika mdomo na kitabu. Ila alikuwa serious, shule zinaendelea na mtoto anakwenda na yeboyebo.

Jumatatu nikashuka kibandani. Nilikipata chini ya kimeza, kiatu cheusi cha shule namba 33, kimeshonwa nusu, sindano bado imechomekwa pembeni na uzi unaning'inia una nta. Sikuweza kumalizia, nilijaribu nikajidunga. Nikampelekea yule fundi jirani aliyeniuliza Kampala, akakigeuza, akaangalia mshono wa babu, akasema "huyu mzee alikuwa anashona kama anahesabu," akaendelea kuanzia pale pale. Ukikiangalia unaona palipobadilika mkono, tundu za huyu ni pana kidogo. Hakutaka hela.

Kwenye daftari imeandikwa: "Mama mandazi, cha mtoto, kulia tu, 1,500." Mama akaja jioni, akakikagua, akatoa elfu mbili. Sikuwa na chenji, wala kwenye droo ya babu hakukuwa na hata shilingi, akasema acha tu. Nikapiga mstari kwenye daftari kama alivyokuwa anafanya, na pembeni nikaandika: imezidi 500. Nimeenda mara mbili na mia tano yake sijamkuta. Kwa hiyo lile tangazo bado halijafungwa, babu anadaiwa.